Tundu la Mistari Kumi na Minne

Kwa aliyekosa ya wiki jana: mimi ni yule msahihishaji niliyeandika waraka wa kupinga kufungwa kwa chumba chetu cha kusahihisha. Chumba kikafungwa. Wenzangu wanne wakaonyeshwa mlango. Mimi nikabakizwa kama mfano kwa wengine, nikapewa kazi ya kuandika vijazio, yaani vile vihabari vya kuziba matundu ukurasa unapopwaya.

Niliwaacha ninyi wasomaji nikiwa nimesimama mlangoni mwa wodi ya wanawake, namtazama shangazi yangu, dada wa baba, mama aliyenilea. Mguu wa kushoto umefungwa bandeji mpaka kifundoni. Mkononi ameshika kipande cha gazeti kilichokatwa kwa mkasi, kimenyooka kama hati ya kiwanja.

Kipande kile nilikiandika mimi. Mficha uchi hazai, kwa hiyo leo navua yote.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Huko gazetini hawakulishi?"

"Shangazi, daktari anasema umekataa sindano."

"Muongo huyo. Sijakataa, nimeahirisha. Zimebaki siku kumi na tisa."

"Kumi na tisa za nini?"

Akavaa miwani, akanisomea kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Maji ya ndimu na kitunguu saumu, kila asubuhi kabla ya kutia kitu kinywani, kwa siku arobaini. Wataalamu wanasema mwenye kisukari akivumilia siku hizo huagana na sindano maisha yake yote.

"Wataalamu gani, shangazi?"

"Wataalamu. Si wameandikwa hapa?"

"Hao wataalamu ni mimi."

Alinitazama kwanza. Halafu akacheka, akacheka mpaka akakohoa, akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili, mama mmoja mnene, mshonaji, aliyelazwa kwa ajili ya nyonga.

"Jirani! Umemsikia huyu? Nimemfuta kamasi mpaka darasa la pili, leo ni mtaalamu wa kisukari!"

"Watoto wa siku hizi," mshonaji akajibu, "wakikaa karibu na jiko wanadhani wamepika."

Nina miaka hamsini na sita. Lakini mbele ya shangazi sijawahi kuvuka kumi.

"Shangazi, naapa. Niliitunga mezani. Kulikuwa na tundu."

"Tundu liko kichwani mwako. Uliishia darasa la sita, baba, usinikasirikie nikisema. Hii imeandikwa na mtu aliyesoma. Na kama ni uongo, gazeti lenyewe litasema. Gazeti likikosea husema. Umesahau ya mjomba wako?"

Sikusahau. Mimi sisahau, ndiyo maana hawanipendi.

Mume wa shangazi alikuwa karani wa mahakama. Siku moja gazeti letu likamtaja kuwa mshitakiwa, wakati yeye ndiye aliyesoma shitaka. Mhariri wa wakati ule, mzee mkali, alipoletewa malalamiko hakumaliza chai yake. Kesho yake, ukurasa wa kwanza, juu kabisa: tulikosea, mtu huyu ni mwadilifu, tunamwomba radhi yeye na nyumba yake. Shangazi aliliweka gazeti lile kwenye fremu. Lilining'inia ukutani pa sebule, kando ya picha ya harusi, na chini yake ndipo nilipojifunza kusoma.

Kwa hiyo imani yake haikuwa ujinga. Ilikuwa deni la adabu ya watu waliokwisha kufa, na sisi tuliorithi viti vyao tulikuwa tunaitafuna kama mchwa.

Daktari alinikuta kwenye ubaraza, karatasi ya idhini ya upasuaji mkononi, haina sahihi.

"Wewe ndiye ndugu yake?"

"Ndiyo, daktari."

"Vidole viwili vimeoza. Sukari iko juu, sindano hataki, kisu hataki. Ana akili zake timamu, siwezi kumlazimisha. Lakini nakwambia wazi: asipokubali kabla ya kesho saa sita mchana, sitazungumzia vidole tena. Nitazungumzia goti."

"Nimemwambia ukweli. Haamini."

"Basi mtafutie anayemwamini."

Anayemwamini ni nani? Gazeti. Nikashika njia ya ofisini.

Sasa niseme jinsi nilivyokiandika, maana najua mtanitetea, na sistahili.

Ilikuwa saa kumi alasiri, siku ya kufunga kurasa mapema. Tangazo la magodoro limeondolewa dakika za mwisho, ukurasa wa kumi na moja umebaki na pengo. Fundi wa kurasa, yule anayepanga maneno kwenye kompyuta kama mtu anayepanga matofali, akapiga kelele: "Kaka! Mistari kumi na minne! Haraka!"

Hakuuliza ya nini. Hakuna anayeuliza.

Ningeweza kuandika kuhusu twiga, nilishaandika twiga mara sita. Nilishaandika kwamba pweza ana mioyo mitatu. Nilishaandika kwamba kulala ubavu wa kulia huleta bahati. Siku ile nilikuwa na mafua, mbele yangu kuna kikombe cha maji ya ndimu na kitunguu saumu, kinanuka. Nikatazama kikombe, nikaandika. Kisukari nilikitia kwa sababu neno "mafua" lilikuwa fupi, mstari ulikuwa unapwaya.

Dakika nne. Mimi niliyeandika waraka wa kurasa tisa kuhusu heshima ya neno lililochapwa! Mimi niliyewatukana wote kwa kuandika bila kuuliza! Dakika nne, na hata kikombe sikukimaliza.

Haya, mhariri.

Ofisini tunamwita Kiraka, na analijua jina hilo na analipenda. Alikuja kutoka idara ya matangazo. Siku ya kwanza alituambia gazeti ni kama shuka, lisilo na tundu halilalamikiwi. Tangu hapo ni viraka tu. Nyota zako leo, nyota zako wiki hii, maana ya kuota nyoka, maana ya kuota ngazi, mchezaji mpira kanyoa, mchezaji mpira kaacha kunyoa. Barua za wasomaji anaandika msaidizi wake, kisha wasomaji hao wanajibizana wao kwa wao, msaidizi anagombana na msaidizi, na mwezi uliopita alijiomba radhi.

Nilimkuta anachagua picha ya mbuzi aliyepanda juu ya gari.

"Mzee wa waraka!" akasema. "Keti. Huyu mbuzi, tumwite jasiri au mtukutu?"

"Bosi, nina kosa la kusahihisha."

"Kosa gani?"

Nikamweleza. Kikombe, kisukari, mguu, saa sita ya kesho. Alinisikiliza mpaka mwisho, nakiri hivyo. Halafu akapumua kama mtu aliyeombwa figo.

"Pole sana kwa shangazi. Pole kabisa. Sasa unataka nini?"

"Mistari kumi na minne. Tuseme tulikosea."

"Nafasi hakuna."

"Bosi, una mbuzi."

"Mbuzi ana wasomaji."

"Shangazi ni msomaji! Miaka hamsini!"

"Nisikilize, mzee." Akasogeza kiti, akashusha sauti, akawa rafiki. "Gazeti likikiri kosa moja, watu wataanza kutafuta mengine. Watayapata?"

"Watayapata kila ukurasa."

"Umeona? Wewe mwenyewe unakubali. Halafu kuna jambo jingine. Kile kijazio chako kimependwa. Kuna muuza dawa za mitishamba kachukua nusu ukurasa kwa ajili yake, anataka tangazo lake likae kwenye ukurasa uleule wa kumi na moja, kuanzia kesho. Nilikuwa nikuite nikupongeze. Nataka ukifanye safu ya kila wiki. Tukutilie na picha, umevaa koti jeupe."

"Mimi si daktari."

"Koti si shahada, ni nguo."

Hapo zamani ningepindua meza. Mwaka wa mgomo wa wachapaji nilipindua mbili. Lakini nilitazama saa ya ukutani, ilikuwa inakwenda tisa na nusu, nikajua hasira ni anasa ya watu ambao mgonjwa wao hahesabiwi saa. Nikasema, "Nitafikiria, bosi," nikatoka.

Wakati naufunga mlango nilisikia, "Mtukutu! Tumwite mtukutu!"

Ndipo wazo likaja. Katika gazeti letu kila kitu hupita kwa Kiraka: kichwa cha habari, picha, tangazo, mbuzi. Kitu kimoja tu hakipiti kwa mtu yeyote. Kijazio. Ukurasa ukishatiwa sahihi, fundi wa kurasa huzibia matundu kwa chochote nilichoweka kwenye faili, na faili hilo limepangwa kwa hesabu ya mistari tu. Kumi kumi huku, kumi na minne kule. Hakuna anayesoma. Dharau yao ndiyo mlango, nami ufunguo ninao.

Nikaketi. Safari hii sikutumia dakika nne. Nilitumia saa nzima, na nilimpigia daktari simu mara mbili kuhakikisha kila neno. "Tulikosea. Maji ya ndimu na kitunguu saumu hayatibu kisukari. Mgonjwa asiache sindano. Aliyeiacha arudi hospitali leo hii." Nikahesabu. Kumi na minne kamili.

Kwenye ukurasa wa kumi na moja, chini ya nusu ukurasa wa muuza dawa, palikuwa na tundu.

"Kaka, ya kumi na minne unayo?" fundi akauliza bila kugeuka.

"Ninayo."

"Kuhusu nini?"

Miaka mitatu hajawahi kuuliza.

"Afya," nikasema.

"Safi." Akabonyeza, kikaingia kama sabuni kwenye kisahani chake. Hakusoma hata neno la kwanza.

Gazeti letu huchapwa mara mbili. Toleo la mbali, lenye tarehe ya kesho, hutoka mashine mapema jioni, liwahi mabasi ya mikoani. Toleo la mjini hutoka alfajiri. Nilisubiri getini, nikachomoa nakala ya toleo la mbali kutoka kwenye mzigo, ingali na joto la mashine. Ukurasa wa kumi na moja. Tulikosea. Nilisoma nikiwa nimesimama, watu wakinipita na mabunda, na nawaambia kweli, tangu chumba chetu kifungwe sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile kwenye gazeti lile.

Asubuhi, saa tatu, nilikuwa wodini.

"Shangazi, soma."

"Nini tena?"

"Soma mwenyewe. Ukurasa wa kumi na moja, chini."

Alivaa miwani. Kidole kikaanza kutembea. Kilipofika kwenye "Tulikosea" kikasimama. Kikarudi nyuma, kikaanza upya. Alisoma yote, mstari kwa mstari, kisha akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya khanga.

"Kumbe," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Siku ishirini na mbili nimekunywa uchafu ule."

"Nisamehe."

"Wewe nikusamehe nini? Waliokosea ni wao, na wamesema. Waungwana hao." Akageuza shingo. "Sista! Lete hiyo karatasi yenu. Na sindano lete, kabla sijabadili mawazo."

Muuguzi alikuja karibu mbio, kalamu mkononi. Saa ilikuwa tatu na dakika ishirini.

"Ngoja kwanza, jirani," mshonaji akasema kutoka kitanda cha pili. "Wewe unasoma gazeti la lini?"

"La leo."

"Mimi pia nina la leo. Binti yangu kaninunulia sasa hivi hapo nje." Akalikung'uta, akalinyoosha. "Ukurasa wa kumi na moja, chini. Mbona langu linasema hivi: 'Maji ya ndimu na kitunguu saumu, kila asubuhi kabla ya kutia kitu kinywani...'"

Muuguzi akashusha kalamu.

Nililinyakua gazeti kwa yule mama bila adabu. Tarehe ileile. Ukurasa uleule. Juu, muuza dawa na chupa zake. Chini, mahali pangu, uongo wangu wa kwanza, neno kwa neno, umerudi umekaa kama mwenye nyumba.

Nikaliacha kitandani kwa shangazi, nikatoka ubarazani, nikampigia fundi wa kurasa.

"Kaka, afadhali umepiga," akasema. "Jana ulipoondoka, Kiraka akaja kuangalia tangazo la muuza dawa limekaaje kabla ya toleo la mjini. Macho yakateleza chini. Kaka, alikuwa mwekundu kama pilipili! Akasema toa hicho, tia kingine, upesi."

"Ukatia nini?"

"Nikafungua faili lako. Kumi na minne kulikuwa na kimoja tu."

"Hukukisoma?"

"Nikisome?" Alishangaa kweli, hakuwa na ubaya. "Kaka, mimi ni fundi wa kurasa. Msomaji yuko nyumbani."

Nikakata simu. Kumtukana kungekuwa bure, mimi ndiye niliyekiacha kwenye faili. Miaka yote najigamba kwamba nakumbuka kila kosa la kila mtu tangu mwaka wa mgomo, langu nimesahau kulifuta.

Nilirudi ndani. Shangazi alikuwa ameyaweka magazeti mawili juu ya mapaja, moja kushoto, moja kulia, anayatazama kwa zamu kama mama anayeamua ugomvi wa watoto.

"Njoo hapa," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Hili limesema walikosea. Hili halijakosea. Yote ni ya leo. Hili nani kaliandika?"

"Mimi, shangazi."

"Na hili?"

"Mimi."

Safari hii hakucheka. Shangazi alinitazama usoni, na nikaona anaanza kuamini. Aliamini kidogo kidogo, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akipapasa kwa mguu.

"Kwa hiyo ni kweli. Wataalamu ni wewe."

"Ni mimi."

"Na 'tulikosea' pia ni wewe. Hawakusema wao."

"Walikataa, shangazi. Niliiba nafasi."

"Basi mimi nimeshika nini hapa?" Akayasukuma magazeti yote mawili, yakaanguka sakafuni, kurasa zikatawanyika hadi chini ya kitanda. "Uliandika uongo, jana ukaapa ni uongo. Leo unasema kweli kwa njia ya wizi. Kesho je? Na huyu daktari naye si anaandika? Naye si ana karatasi? Anataka nitie sahihi nikatwe, kwa nini nimwamini yeye? Kwa sababu ya koti?"

"Mama," muuguzi akasema, "sukari yako..."

"Umeiona wapi? Imeandikwa?"

"Imeandikwa kwenye faili lako."

"Faili!" akasema shangazi, na sijawahi kusikia neno likitemwa vile.

Saa nne kasoro robo. Daktari alitokea mlangoni, akatazama karatasi ya idhini, ingali nyeupe, akanitazama mimi.

"Shangazi, nakuomba," nikasema. Nilipiga magoti, wodi nzima ikiona. "Usiniamini mimi. Waamini hawa."

"Nyamaza. Wewe ukae kimya mpaka nikuambie. Sitaki tena mtu anayeandika. Niitieni mtu ambaye hajawahi kuandika kitu chochote."

Watu wakatazamana. Hatua chache kutoka kitandani kulikuwa na mfagiaji, mwanamke wa makamo, mkavu, anazoa kurasa zangu pamoja na vumbi la asubuhi.

"Wewe mama," shangazi akamwita. "Umewahi kuandika?"

"Mimi?" Mfagiaji akatazama nyuma kama kuna mwingine. "Hata mshahara natia dole gumba."

"Umefanya kazi hapa muda gani?"

"Tangu wodi hii haijapakwa rangi."

"Miguu kama huu umeiona?"

"Mingi."

"Sogea. Utazame huu, halafu uniambie ungekuwa wako ungefanya nini. Ukisema nikatwe, nakatwa. Ukisema niende nyumbani, naenda nyumbani sasa hivi, na asinifuate mtu."

"Bibi, mimi sina elimu ya..."

"Ndiyo maana nimekuita."

Daktari alitaka kuingilia. Muuguzi akamshika mkono wa koti.

Mfagiaji aliegemeza fagio ukutani. Akafuta viganja kwenye aproni yake, akalifunua shuka taratibu, akautazama mguu wa shangazi kwa muda mrefu kuliko Kiraka alivyowahi kutazama ukurasa wowote. Akainama, akanusa. Akamtazama daktari, akanitazama mimi niliyekuwa sakafuni.

Kisha akafungua kinywa; alilosema nitawaambia wiki ijayo.